Kicheko cha Safu ya Tatu

Nchi nzima ilimjua, na hakuna aliyewahi kumwona. Kipindi cha Bwana Nakwisha kilipoanza redioni, watu wa milimani na wa mabondeni walisogeza viti, wakanyamazisha watoto, na kabla utani wa kwanza haujaisha alikuwepo mwanamke mmoja aliyecheka mbele ya wenzake wote. Kicheko chake kilianza chini, kama mtu aliyebanwa na kikohozi, kikapanda, kikapasuka, ndipo ukumbi mzima ukamfuata. Watoto wa shule walikiiga. Watu wazima walisema, "Yule mama utacheka naye hata kama hukusikia alichochekea."

Majirani zake walimwita Mama Kicheko, ingawa hakuwa na mtoto wa kumzaa. Mtoto pekee aliyemlea yeye ni mdogo wake wa kiume, fundi majokofu, kijana mwembamba aliyeitwa Msumari tangu utotoni. Habari hii ni ya Msumari, kwa sababu alikufa, na alikufa huku watu wakicheka.

Zamani huyu dada alikuwa anatia vifungo kwenye duka la mshonaji. Alikaa nyuma kabisa, penye taa hafifu, na sindano na uzi. Siku moja mshonaji alipewa tiketi za bure za kwenda kutazama kipindi kikirekodiwa, akawagawia wafanyakazi wake. Akaenda. Akaketi safu ya tatu, chini kabisa ya kipaza sauti kilichokuwa kikining'inia kwa waya, naye hajui. Akacheka alivyokuwa akicheka nyumbani, mkono mmoja gotini, wa pili begani kwa jirani. Nyuma ya kioo, fundi mitambo aliruka akitoa visikilizi masikioni. Wiki iliyofuata walimtafuta mpaka dukani. "Njoo tena," wakamwambia. "Kaa pale pale." Tangu hapo safu ya tatu ikawa kazi yake.

Ni kazi, asikudanganye mtu. Ukumbi wa baridi haucheki wenyewe. Watu wametoka makazini, wamechoka, kila mmoja anamtazama mwenzake aanze. Lazima awepo wa kupuliza moto. Alijifunza kumtazama fundi mitambo kupitia kioo: fundi akiinua kidole, avute pumzi, akikishusha, aachie. Alijifunza asiwahi wala asichelewe. Na alijifunza kuchekea jambo lile lile mara mia, kwa sababu Bwana Nakwisha alikuwa na jambo moja tu.

Bwana Nakwisha alikuwa mtu wa Jiji. Ndivyo kipindi kilivyosema kila kilipoanza: "Huyu hapa, mtu wa Jiji!" Anaingia hotelini, anasalimia kila mtu kwa ile lafudhi ya Jiji ya kuvuta maneno mwishoni, anamwita mwenye hoteli tajiri yangu, anaagiza hiki na kile, anakula mpaka analamba kisahani. Ikija bili, anashika kifua. "Jamani nakwisha!" Anaanguka puu. Na mhudumu, bila hata kuinama kumtazama, anasema: "Lipa kwanza, ufe baadaye!"

Hapo ndipo penye kicheko.

Aliyemwigiza hakuwa mtu wa Jiji. Alikuja akiwa mtu mzima, akakaa stendi miezi na miezi akisikiliza wapagazi na wauza magazeti wanavyosema. Alikuwa na sikio, huwezi kumnyima hilo. Lakini stendi ile walikuwepo pia walioamka alfajiri wakabeba mizigo mpaka mgongo ukapinda, na walioshiriki mkate mmoja watu wanne. Hao hakuwachukua. Alichukua lafudhi yao, akamvisha mwizi wa chakula, akamtuma nchi nzima.

Na nchi nzima ikampokea. Mtu ambaye hajawahi kukanyaga Jiji alikuwa analijua Jiji kuliko waliozaliwa humo. Wa Jiji ni mwongo. Wa Jiji anakula asilipe. Wa Jiji akilia, shika mfuko. Kuna mwaka ambao wazibua mitaro ya Jiji waligoma, kwa sababu wenzao walikuwa wanashushwa kwenye mashimo ya maji machafu na kupandishwa maiti, wameuawa na hewa ya humo. Waziri alisimama mbele ya waandishi wa habari. Akaulizwa atafanya nini. Akashika kifua chake, akasema, "Jamani nakwisha!" Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa hotuba yake. Waandishi wakacheka mpaka kalamu zikawaanguka, na hakuna mji mwingine hata mmoja uliosema pole. Wazibua mitaro wakarudi mashimoni. Wapo waliosahau. Na wapo ambao hawatasahau mpaka wanaingia kaburini.

Mama Kicheko naye aliisikia hiyo siku. Alijiambia utani ni utani tu.

Msumari ndiye aliyekuwa anasafiri. Aliitwa miji ya mbali kutengeneza majokofu ya wachinjaji na ya maduka ya dawa, na kila akirudi alileta hadithi. Walikaa chumba kimoja na mama yao mzee, kitanda cha mama dirishani, pazia katikati, na chumba cha jirani upande wa pili wa ukuta wa mbao, mwembamba kiasi kwamba mtu akipiga chafya huku wanamwitikia kule.

"Dada, safari hii wamenificha vijiko," alisema siku moja, akivua viatu mlangoni.

"Nani kakuficha vijiko?"

"Mwenye nyumba ya wageni. Nimefungua mdomo tu, 'hamjambo hapaa', mama wa watu akaanza kukusanya vijiko mezani. Mpaka kile cha chumvi."

"Na wewe ukafanyaje?"

"Nikamwambia, mama, umeisahau meza."

Mama yao alicheka kitandani mpaka akakohoa. Msumari akamletea maji, akamshika kichwa anywe. Halafu akakaa, akawa anageuza geuza bisibisi mkononi.

"Na yule binti?" dada akauliza taratibu. Alikuwepo binti, fundi cherehani wa mji wa mbali, na Msumari alikuwa amekwenda kujitambulisha kwao.

"Baba yake kanikaribisha vizuri. Kanipa kiti. Halafu nikasema natoka wapi." Akaiweka bisibisi chini. "Kasema hawezi kumtoa mwanawe kwa mtu wa redioni."

"Hukumwambia wewe ni fundi?"

"Nilimwambia. Kasema hata Nakwisha alishawahi kuwa fundi, kile kipindi cha friji. Nikamwapia, dada. Nilipoapa ndipo alipocheka zaidi."

Dada akasema, "Niache kazi?"

"Uache kwa nini? Si wewe uliyetunga. Wewe unacheka tu, na unacheka vizuri, bwana, mimi mwenyewe shahidi."

Kweli alikuwa shahidi. Aliwahi kumsindikiza mara moja, akaketi ubavuni kwake safu ya tatu. Siku hiyo Bwana Nakwisha alianguka vizuri kuliko siku zote, meza ikayumba, vikombe vikamwagika, na dada akacheka kicheko ambacho hakukipata tena maishani. Hakungoja kidole cha fundi. Baada ya kipindi fundi mitambo alitoka nje ya kioo chake akampa mkono. "Hiki tumekihifadhi," alisema. Tangu siku hiyo, ukumbi ukiwa baridi au yeye akiwa mgonjwa, walikipiga kile cha kwenye utepe. Baadaye wakawa wanakipiga kila wiki, na yeye wakamwita mara moja moja tu, kwa heshima. Hakujali. Aliona fahari kwamba hata akilala, anafanya kazi.

*

Dereva wa lori ndiye aliyemrudisha Msumari. Alikuwa mtu wa Jiji, wa mitaa ya jirani, na alipopiga hodi mchana ule kofia ilikuwa mikononi, anaikunja kama anaikamua maji.

"Shikamoo mama," alimwambia mzee kitandani. Halafu akamgeukia dada, na dada akajua kabla hajasema.

Alisimulia akiwa amesimama. Hakukubali kiti. Msumari alikuwa amemaliza jokofu la mchinjaji katika mji ule wa mbali, akaingia hoteli ya jirani kula. Hoteli ilikuwa imejaa. Alikula kidogo, akaacha. Alikuwa anatoka jasho.

"Halafu akashika kifua," dereva akasema. "Lile neno hakulisema, dada. Nimemuuliza sana yule mama anayeosha vyombo pale, kanihakikishia. Alisema tu, 'Jamani nisaidieni.' Lakini kwa sauti yetu hii. Kwa huku kuvuta vuta kwetu."

"Wakafanyaje?"

Dereva akatazama sakafu.

"Walicheka?"

"Walipiga makofi, dada. Wengine walisimama ili waone vizuri. Mwenye hoteli akatoka jikoni na kitambaa begani, akasema lile la yule mhudumu."

"Sema."

"Dada, haina haja."

"Sema, kaka. Mimi ndiye dada yake."

"'Lipa kwanza, ufe baadaye.'" Aliisema kwa sauti ndogo kama mtoto anayekiri. "Hapo ndipo hoteli nzima ilipovunjika mbavu. Wakamngoja ainuke. Wengine wakarudia sahani zao, wanamtupia jicho, wanasema huyu hodari, huyu anamshinda wa redioni. Yule muosha vyombo ndiye aliyeona kiatu kimemtoka mguuni na mwenyewe hana habari nacho. Akapiga kelele. Lakini ilikuwa basi tena."

Mama yao hakulia. Aliuliza jambo moja kutoka kitandani. "Alikuwa hajalipa?"

Dereva akakaa sasa. "Alilipa kabla ya kula, mama. Walimlipisha mlangoni. Kwa sababu ya sauti yake."

*

Wakamzika. Watu wa mtaa walikuja, wakajaza chumba na ujia mpaka barabarani. Yule jirani wa upande wa pili wa ukuta hakuondoka siku zote hizo. Ndiye aliyeosha vikombe, ndiye aliyemgeuza mama kitandani, ndiye aliyelala chini mlangoni ili dada asibaki peke yake. Mwanamke mwema, mwenye watoto wengi na mdomo mwingi. Mtu asiseme vinginevyo.

Msiba ulipokwisha watu walirudi makwao, na jioni moja dada alikuwa anakunja nguo za marehemu. Shati la kazi lenye doa la mafuta. Soksi alizozishona mwenyewe kisigino. Ukutani, kutoka kwa jirani, redio ilikuwa inasema. Hakuisikiliza. Ilikuwa kama mvua tu, inanyesha kwa wenzako.

Halafu akasikia, "Jamani nakwisha!"

Akasikia, "Lipa kwanza, ufe baadaye!"

Na akajisikia yeye mwenyewe akicheka.

Alikuwa ameshika soksi, midomo imefungwa, na upande wa pili wa ukuta alikuwa anacheka. Kikaanza chini. Kikapanda. Kikapasuka. Alikicheka kicheko chote kile bila kufungua kinywa, mama yake anamtazama kutoka kitandani, na katika kila mji wa nchi hii, hata katika ile hoteli, penye kiti alichokalia Msumari, alikuwa anamcheka mdogo wake.

Asubuhi ya siku ya kipindi kilichofuata, alivaa gauni jeusi akaenda kituoni.

*

Mkuu wa vipindi alikuwa mtu mpole mwenye miwani na viatu visivyotoa sauti. Alimpa kiti na chai. "Pole sana, dada. Pole na mama. Tumesikia, tumesikitika."

"Nimekuja kuomba kicheko changu."

"Kicheko chako?"

"Kile mlichokihifadhi. Mkifute."

Mkuu akavua miwani. "Dada, nakuelewa. Lakini kicheko kile si chako tena, ni cha kituo. Ulichekea ukumbini mwetu, kwenye kipaza sauti chetu."

"Nilicheka kwa mdomo wangu."

"Kipindi kimejengwa juu yake. Nikikitoa leo, nini kitabaki? Mtu anaanguka, kimya." Aliona alichosema, akaharakisha. "Na Bwana Nakwisha anawapenda watu wa Jiji, ujue. Ni heshima ile. Kabla ya kipindi hiki, nani huko bara alikuwa anawajua?"

"Kabla ya kipindi hiki," dada akasema, "tukianguka tulikuwa tunaokotwa."

Mkuu alisafisha miwani yake kwa muda mrefu. Alisema atalifikiria. Aliyekaa maofisini anajua maana yake, na asiyewahi kukaa humo anaijua zaidi.

Ujiani alikutana na mchekeshaji mwenyewe, anatoka kupakwa poda. Alimtambua, akasimama. Uso wake ulibadilika wote. "Dada," alisema kwa sauti yake ya kuzaliwa, ambayo haikuwa na Jiji hata chembe. "Dada yangu. Nimesikia habari ya mdogo wako. Sijalala." Na machozi yalimtoka, ya kweli. Akataka kuongeza neno, akaweka mkono kifuani.

Wapiga chapa wawili waliokuwa wanapita na mafaili wakaangua kicheko. "Leo imeanzia ujiani!" mmoja akasema.

Mkono wake ulibaki pale pale. Hakujua autoe au auache. Dada alimtazama yule mtu, na hasira aliyokuja nayo kwa ajili yake haikupata pa kukaa. Akampita.

Fundi mitambo alikuwa peke yake nyuma ya kioo, anapanga tepe za kipindi cha mchana ule. Chumba kilikuwa kidogo, kuta zimebandikwa trei za mayai ili sauti isigonge, na mashine mbili, moja imefunikwa turubai. Alikuwa mzee sasa, nywele zimemwisha. Alimwona mlangoni, akavuta kiti.

"Najua ulikotoka," alisema. "Na najua alichokujibu."

"Wewe ndiye unayekipiga."

"Ndiye mimi."

"Kila wiki."

"Kila wiki, dada." Hakujitetea. Alichukua gurudumu dogo la utepe, akalishika mkononi. "Kabla hujaniambia nifanye nini, kipo kitu hujawahi kukisikia. Mimi huwa nakizima mapema, maana mwishoni pana maneno na maneno yanaharibu. Utakisikiliza?"

Akaitika kwa kichwa.

Utepe ukazunguka. Kishindo cha kuanguka, meza, vikombe. Sauti ya mhudumu. Kisha yeye. Alisikiliza kicheko chake kama anamsikiliza mwanamke asiyempenda. Kikapanda, kikapasuka, kikaanza kushuka. Na kilipokuwa kinashuka, chini yake, akasikia cha pili. Kicheko kikavu, cha puani, chenye kukoroma kidogo mwishoni. Alikijua kabla hakijamaliza kuvuta pumzi. Alikijua tangu kilipokuwa hakina meno.

"Basi dada, basi, utapasuka," alisema Msumari, karibu kabisa, kama amekaa hapo. Akacheka tena kidogo. Halafu sauti yake ikageuka. "Lakini hebu mtazameni yule jamani, asije akawa ameumia kweli."

Utepe ukatoka, mkia wake ukapiga piga mashine. Fundi akauzuia kwa kidole.

"Siku ile alikuwa ameumia kweli," fundi alisema. "Aligonga kiwiko kwenye meza, alifungwa bendeji mwezi mzima. Ukumbi mzima ule, watu wote wale, ni mdogo wako tu aliyeona."

Dada alikuwa ameshika ukingo wa meza. "Rudia."

Akarudia.

"Rudia tena."

Akarudia tena. Basi dada, basi. Mtazameni yule jamani. Nje walikuwa wameanza kuingiza watu ukumbini, viti vinaburuzwa.

"Ukiacha utepe huu," fundi akasema, "leo nitaamriwa niupige, na nitaupiga. Nitauzima kabla hajasema, kama siku zote. Lakini kicheko chake kimo chini ya chako, umesikia. Kinakwenda na chako."

"Na yeye amekuwa akicheka? Miaka yote hii?"

"Na yeye."

"Hata kule alikofia? Kama hoteli ile ina redio, wiki moja kabla hajafa walimsikia akicheka?"

Fundi alitoa wembe kwenye droo ya meza, akauweka juu.

"Nikiukata nikakupa, nitasema umekatika. Tepe zinakatika. Watanifanya watakachonifanya, nimebakiza kidogo kustaafu. Lakini sikiliza, dada. Nyumbani huna mashine ya kupigia utepe kama huu. Hakuna mtu mwenye nayo nje ya jengo hili. Kunakili nahitaji mashine mbili, na ile pale imekufa, spea zake hazitengenezwi tena. Ukitoka nao mlangoni, hutaisikia tena sauti yake."

Alikaa pale. Kupitia kioo aliona safu ya tatu, na kiti chake, na kando yake kiti kilichokaliwa sasa na mzee aliyeshika kofia. Alitaka kusema rudia. Mdomo uliliandaa neno hilo. Alijua akiisikia tena sauti ile hatoweza, atalirudisha gurudumu lile mezani, atakuja wiki ijayo kuomba asikilizishwe, na wiki nyingine, na kila wiki nchi itakuwa inaangua vicheko juu ya maiti na mdogo wake ndani yake.

"Kata," alisema.

"Nirudie mara moja ya mwisho?"

"Kata, baba. Nakuomba."

Wembe haukutoa sauti yoyote.

*

Aliuleta nyumbani ndani ya kikopo cha rangi ya viatu ambacho fundi alikiosha kwa spiriti. Utepe ulikuwa mdogo, wa kahawia, umejikunja kama ganda la kitu. Mama yao alikipokea kwa mikono miwili. Akakifungua. Akakiweka sikioni.

"Humu?"

"Humo, mama."

"Mbona kimya?"

"Ndivyo kilivyo, mama. Kinataka mashine."

Mama akakaa nacho sikioni vile vile. "Amesema nini?"

"Kaniambia basi dada, utapasuka. Halafu akasema, mtazameni yule, asije akawa ameumia kweli."

"Ndiye," mama akasema. "Ndivyo alivyokuwa."

Jua lilikuwa linazama, moshi wa majiko umejaa ujiani. Kule kwa jirani watoto waliitana, kiti kikaburuzwa, redio ikafunguliwa. Huyu hapa, mtu wa Jiji! Dada hakuondoka kitandani kwa mama yake. Alitaka kusikia. Alisikia salamu, tajiri yangu, alisikia sahani. Alisikia bili ikiletwa na akaushika mkono wa mama.

"Jamani nakwisha!"

Kishindo.

"Lipa kwanza, ufe baadaye!"

Na palipokuwa na kicheko, pakawa na tundu. Ukumbi uliguna, mtu mmoja akakohoa, kiti kikalia. Mtu alikuwa ameanguka sakafuni na nchi nzima ilikuwa imekaa kimya, na katika kimya hicho ingetosha mtu mmoja tu kuuliza.

Upande wa pili wa ukuta, yule jirani, aliyeosha vikombe vya msiba, aliyelala mlangoni kwao, akaanza kucheka. Akaanzia chini, kama mtu aliyebanwa na kikohozi. Kikapanda. Kikapasuka. Watoto wake wakamfuata, wakafuata wa nyumba ya pili, na ya tatu, watu wa Jiji wenyewe, mtaa mzima mpaka barabarani, wote pale pale, kwa urefu ule ule dada aliowafundisha.

Mama akatoa kikopo sikioni. Alikifunika kifuniko chake, akakilaza mapajani, akakifunika tena kwa viganja vyote viwili, kama mtu anayemziba mtoto masikio.